Ng'ombe Niliyepewa Gahanna

Estonia sijakanyaga, na kwa magoti haya sidhani kama nitakanyaga. Lakini nikishushwa leo katika ile tarafa ya mama mzee niliyemlea, sitamuuliza mtu njia. Nitashukia kituo cha basi cha mbao, niliache kanisa jeupe mkono wa kulia, nifuate barabara ya changarawe inayopita kati ya misonobari mpaka penye nyumba ya kukusanyia maziwa, ambayo sasa paa lake limeangukia ndani. Hapo nitageuka kushoto. Kuna shamba la shayiri na mawe yaliyolundikwa pembeni na watu waliokufa zamani. Kuna nguzo ya umeme yenye kiota cha korongo juu yake. Halafu kuna kichanja cha mbao kando ya barabara, walipokuwa wakiweka madebe ya maziwa asubuhi ili mkokoteni wa farasi uyapitie. Ukikiona kichanja hicho, umefika. Nyumba yenyewe haipo tena, zimebaki ngazi za mawe na mti wa tufaha.

Hayo yote niliyajulia Gahanna, Ohio, ndani ya nyumba ambayo mlango wake ukiufungua unalia kama mbuzi aliyekanyagwa.

Mimi nalea wazee. Sisi tuliotoka milima ya Kivu ya Kusini, wanaume wetu wengi wako kwenye madepo wanabeba maboksi, na wanawake tuko na wazee wa watu, tunawaogesha, tunawalisha, tunawafuta midomo. Huyu wangu alikuwa na ugonjwa wa kusahau. Nilikuwa nikilala kwake wiki nzima. Kila Jumapili mtu wa kampuni iliyoniajiri alishika zamu ya saa chache, mume wangu akanichukua twende kusali Whitehall tunakoishi, na kabla supu haijapoa alikuwa ameshawasha gari kunirudisha. Milango ya kutokea nje iliwekewa king'ora ili mama mzee asitoke akapotea. Lakini king'ora hakijui nani mgonjwa na nani mzima. Nikitaka kutupa takataka kinalia, nikitaka kuona jua kinalia, na kikilia yeye anashtuka, anaanza kutetemeka. Basi nikaacha kutoka. Na hata ningetoka, ningeenda kwa nani? Nje hakuna mtu wa kusalimia. Nyasi zimekatwa, magari yamelala, na ndege za uwanjani zinapita juu ya paa zikiwa zimejaa watu wanaokwenda mahali.

Mwaka ninaousimulia, kufungwa huko kulinichoma kuliko kawaida, kwa sababu binti yangu aliyeolewa Louisville alikuwa na mimba. Mimba yake ya kwanza ilitoka. Alikuwa peke yake bafuni, mume kazini, na mimi nilisikia kila kitu kwa simu nikiwa nimekaa kwenye kitanda cha Gahanna. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Safari hii nilimwahidi: utakapojifungua nitakuwa hapo, nimekushika mgongo, nikupikie uji, nikukande kwa maji ya moto kama mama yangu alivyonikanda mimi. Kwetu msichana hazai mtoto wa kwanza bila mama yake, labda mama awe amekufa. Akaniuliza, "Kweli, mama?" Nikamwambia, "Mimi ni mzima, nitakosaje?"

Sasa mama mzee. Jina lake sitalitaja, na la tarafa yake pia, maana mwanawe ni mtu wa aibu. Alizaliwa katika sauna, kijumba cha mbao chenye mawe ya moto, kwa sababu tarafani kwao wanawake walikuwa wakijifungulia humo, ndimo mlimokuwa na usafi na joto. Aliniambia hilo mara nyingi sana, na kila mara kama habari mpya. Alikimbia akiwa mtoto, vita vikubwa vilipokuwa vinaisha na askari wa Urusi wanarudi. Akakulia katika kambi Ujerumani, halafu meli, halafu Buffalo, mtaa wa Black Rock, baba yake akapata kazi kiwandani karibu na mto. Niliposikia Black Rock niliruka kwenye kiti. Jamani! Sisi pia, tulipotolewa kambini kule Burundi, tulishushwa Black Rock. Tulikaa kwenye nyumba ya mbao ambayo sakafu yake ilikuwa imelala upande mmoja, ukidondosha kitunguu sebuleni unakikuta jikoni. Baadaye kazi za depo zikatuvuta Columbus. Yeye naye alikuja huku kwa kuolewa. Mwanawe wa pekee ndiye aliyerudi kuishi Buffalo, mwanaume mpole asiyejua kusema ndiyo wala hapana.

Siku zilikuwa ndefu, basi tukawa tunatembea kwa simu yangu. Kuna ile ramani unayogusa na barabara inafunguka, unaona nyumba na miti kama uko ndani ya gari. Mwanawe ndiye aliyenionyesha jina la kuandika. Mama mzee alikaa karibu yangu, bega kwa bega, tukaingia tarafani kwake kila siku baada ya chai. Ni mahali padogo. Kanisa moja, duka moja, shule iliyo katika jumba kubwa la manjano walilokuwa wakikaa mabwana wa Kijerumani enzi za kutawaliwa. Kuna maktaba, kuna bwawa la maji ya kuzimia moto, kuna kinamasi kikubwa ambacho watu wanakwenda kuchuma matunda madogo mekundu. Watu huwaoni. Nilizunguka tarafa nzima nikaona mzee mmoja tu juu ya baiskeli, amefichwa uso na hiyo kampuni ya ramani, na mama mzee akasema anamfahamu. Nikamwambia, "Basi msalimie." Akampungia mkono.

Kwenye ukurasa wa tarafa kulikuwa na picha za wanawake wakicheza ngoma na sketi zao ndefu za mistari. Mama mzee alinifundisha kwamba kila tarafa ina mistari yake. Ukimwona mwanamke kwa mbali sana, hata uso hujauona, unajua katoka wapi. Nilimwambia kwetu hatuhitaji sketi, tunatazama pua. Alicheka mpaka akakohoa. Alikuwa akicheka vizuri sana, yule mama.

Siku moja mwanawe alipokuja, alininong'onezea jikoni kwamba ile tarafa haipo tena. Serikali yao iliunganisha tarafa ndogondogo, ya mama yake ikamezwa na ya jirani. Ofisi imefungwa, jina limebaki kwenye kibao tu. "Usimwambie," akasema.

Nikamuuliza, "Watu walipigana?"

"Nani?"

"Watu wa tarafa. Walipochukuliwa tarafa yao."

Akanitazama kama nimemuuliza kama walikula watoto. "Hapana. Waliandika malalamiko gazetini."

Nilikasirika, na hata sasa nikikumbuka nakasirika. Gazetini! Kwetu milimani tuliililia komini yetu, yaani tarafa yetu wenyewe, miaka na miaka. Tukapewa, tukanyang'anywa, watu wakachinjana kwa ajili yake, ng'ombe wakaswagwa na wenye bunduki mpaka mabondeni. Kwa mtu wa kwetu, komini maana yake ni kuambiwa kwamba na wewe una kwenu. Na hawa wamepoteza ya kwao kimyakimya, kama mtu anayefunga duka lisilo na wateja. Niliingia sebuleni nikamkuta mama mzee anaipungia simu yangu iliyozimwa. Nilimhurumia, na mimi mwenyewe nikajihurumia.

Ila saa kumi jioni ilikuwa jehanamu. Saa hiyo, kila siku ya Mungu, alisimama na kwenda mlangoni. "Nani anakamua?" Mlango unalia, yeye analia, mimi namvuta. Siku walipokimbia, mama yake aliwafungulia ng'ombe waende wanakojua, na hakukuwa na muda wa kukamua. Mtoto yule alisikia ng'ombe wakilia nyuma ya mkokoteni kwa maziwa kuwajaa, mpaka msitu ukawameza. Kampuni ilitufundisha kwamba mgonjwa akianza hivyo, mbadilishie mawazo, mwonyeshe televisheni. Televisheni! Mimi nimekua nyuma ya ng'ombe, najua ng'ombe asiyekamuliwa anavyolia. Hakuna televisheni inayofunika sauti ile.

Siku moja aliacha kuuvuta mlango. Akanishika mikono yote miwili, akaigeuza, akatazama viganja. "Hii ni mikono ya kukamua," akasema. "Mchukue yule wa kahawia. Nimekupa. Ni wako. Lakini usimwache akiwa amejaa."

Mtu mwingine angesema asante na kwenda kupika viazi. Mimi mikono yangu ilinitangulia. Nilinyoosha mikono nikapokea, nikapiga makofi taratibu kama kwa baba yangu, nikaapa kwa jina la mama mzee kwamba amenipa ng'ombe. Kwetu hilo si neno la mdomoni. Anayekupa ng'ombe mmefungana, yeye na wewe na watoto wenu. Humsemi vibaya, humkimbii akiwa na shida, na ukisafiri unamuaga, naye anakupa ruhusa. Ukiondoka bila ruhusa yake umemtukana, na maziwa yake umeyatemea mate. Nilipomaliza kupiga makofi ndipo akili iliporudi, nikajiuliza, we mwanamke, umefanya nini?

Nilimpigia mume wangu simu nikitegemea atanicheka.

"Ulipokea?" akauliza.

"Nilipokea."

"Ulipiga makofi?"

"Nilipiga."

Nikasikia kelele za depo nyuma yake. "Bon," akasema. "Donc ulijifunga. Iko ya rangi gani?"

"Ya kahawia. Iko na alama nyeupe kwa uso."

"Iko na mimba?"

"Papa watoto, hiyo ng'ombe ilikufa mbele sisi wote hatuyazaliwa!"

"Nauliza tu," akasema. Lakini hakucheka.

Tangu hapo saa kumi ikitimia, nilichukua ndoo, nikaingia gereji, nikasimama kati ya baiskeli za zamani nikihesabu muda wa kukamua ng'ombe mmoja mtulivu. Halafu nikapitia mlango wa jikoni, nikapasha maziwa ya friji kidogo yawe na joto la kiwele, nikampelekea kwenye jagi. "Ametoa vizuri?" Namwambia, "Ametoa vizuri." Anakunywa, anafuta mdomo, anatulia. Mlango haukulia tena saa kumi. Mwanawe aliniita daktari. Nami nilijivuna, nisiseme uongo. Sikuona kwamba kamba niliyoifunga imenipita shingoni.

Siku za binti yangu zikakaribia. Mpango ulikuwa hivi: mwanawe atatoka Buffalo, akae na mama yake, mimi niende Louisville. Ndipo theluji ikaanguka Buffalo. Anayeijua Buffalo anajua ninachosema. Ziwa linavuta pumzi, linaitema juu ya mji, na asubuhi gari lako ni kilima. Serikali ikakataza watu kuendesha. Mwanawe akanipigia simu, sauti imekwisha, akaniambia anatazama mlango wake na hawezi kuufungua. Nikamwambia karibu chamani.

Binti yangu akapiga asubuhi ileile. "Mama, mgongo unauma tangu jana. Unakuya lini?"

"Leo. Baba yako anakuya kunitwaa leo."

"Leo kweli?"

"Nilikuambia nini? Leo."

Kampuni ilituma mtu wa kunishikia zamu, mama mmoja Mkenya, mchangamfu, mwenye viatu vyeupe. Mume wangu aliomba ruhusa kazini, akafika kabla ya mchana, gari likabaki linanguruma nje. Mkoba wangu ulikuwa tayari mlangoni. Nilimwonyesha yule mama dawa, nikamwonyesha ndoo, nikamweleza habari ya saa kumi. Akasema, "Aki, hiyo ni story! Sawa, nitafanya. Nenda, mama, nenda umwone mtoto." Zilikuwa zimebaki hatua chache tu.

Nikamwambia, "Ngoja nimuage."

"Umuage? Mwambie unaenda duka. Hata hatakumbuka!"

Nilipiga magoti mbele ya kiti cha mama mzee. Nikamshika mkono, nikamwambia binti yangu anazaa, naomba ruhusa niende. Uso wake ulikuwa wazi siku hiyo, macho yake maangavu. Akasema, "Pasheni sauna."

"Wamepasha," nikasema.

"Basi nenda. Lakini mkamue kwanza."

Nikamwonyesha yule Mkenya. "Huyu atamkamua jioni."

Akamtazama kuanzia viatu mpaka nywele. "Hapana," akasema. "Ng'ombe hamjui. Atamzuilia maziwa. Atalia."

Na mume wangu, Mungu amsamehe, aliyekuwa amesimama mlangoni na kofia mkononi, akaitikia kwa kichwa akasema kwa Kiswahili, "Ni kweli. Ng'ombe inanyimaka mugeni."

"Woi!" yule Mkenya akapiga makofi. "Mko serious? Si ujifanye tu unakamua, basi! Chukua ndoo, ingia gereji, dakika tano, toka, enda zako!"

"Saa hizi?" nikasema.

"Sasa saa ngapi?"

"Mchana? Nani anakamua ng'ombe mchana?"

Tulitazamana watu wanne katika sebule ile. Mama mzee alikuwa ananitazama, na nilijua kabisa kwamba nikienda na ndoo mchana ataniona mwongo. Mtu aliyesahau jina la mwanawe hakuwa amesahau saa ya kukamua. Kama angekuwa hajui ng'ombe ningemdanganya bila haya. Ningemdanganya mara kumi. Lakini alikuwa ni mtu wa ng'ombe mbele ya watu wa ng'ombe, na alikuwa amenipa, na nilikuwa nimepokea. Nikakaa chini. Mume wangu akatoka nje akazima gari, akarudi, akakaa karibu yangu, kofia juu ya goti. Tungengoja saa kumi.

Yule Mkenya alizunguka nyumba akijisemea. "Kwenu ni wapi kwani? Tuko Ohio! Mtoto anazaa na nyinyi mnangoja ng'ombe!" Alikuwa na haki. Najua. Hata wakati ule nilijua, na kujua hakukuniinua kwenye kiti. Nilikuwa kama mtu aliyeketi juu ya nguo yake mwenyewe akishangaa kwa nini hawezi kusimama.

Binti yangu akapiga. "Mama, mko wapi?"

"Tunatoka sasa hivi."

"Bado hamuyatoka?"

"Sasa hivi, mtoto wangu. Pumua. Mume wako yuko wapi?"

"Kazini. Simu zao zinafungiwa mlangoni. Napiga, hakuna mtu anashika."

Nikamwambia tena apumue. Mume wangu aliangalia sakafu. Baada ya chakula mama mzee akalala kwenye kiti, mdomo wazi. Yule Mkenya akaninong'oneza, karibu kulia, "Mama, amelala. Please. Toka." Niliinuka. Nilifika mpaka kwenye mkoba. Lakini mtu aliyelala hujamuaga, na nikamfikiria akiamka saa kumi na mimi sipo na ng'ombe analia kichwani mwake, na sauti ile inamfuata tena mpaka msituni. Nikarudi nikakaa. Simu ikalia tena. Safari hii sikusikia neno, nilisikia pumzi tu, halafu ikakatika.

Saa kumi ilipofika nilikuwa nimeshasimama na ndoo. Mama mzee akafumbua macho. Akanitazama, akamtazama mume wangu, akamtazama yule Mkenya. Ile nuru ya mchana ilikuwa imezima.

"Ninyi ni nani?" akasema. "Mnafanya nini nyumbani kwangu?"

"Ni mimi," nikasema. "Nakwenda kumkamua wa kahawia."

"Wa kahawia gani?" Akajikunja kwenye kiti kwa hofu. "Sina ng'ombe. Tokeni. Tokeni nitaita polisi."

Niliweka ndoo chini. Sijui kama nilimuaga. Nadhani nilisema kitu. Mlango ulilia tulipotoka na hakuna aliyeushughulikia.

Barabara ya kwenda Louisville ni tambarare, mashamba tupu ya mahindi pande zote, na mume wangu aliendesha kwa kasi ambayo sijawahi kumwona nayo. Nilimtukana njia nzima. Nilimwambia, "Ni wewe na mdomo wako, ng'ombe inanyima mgeni, ulitumwa na nani?" Akajibu kwamba aliyepiga makofi ni mimi. Nilipiga simu ya binti mpaka betri ikachoka. Tulikuwa tunakaribia mto, daraja tumeliona, mkwe wetu alipompigia mume wangu na kusema amezaliwa msichana, mzima, na mama yake mzima. Mume wangu alimshukuru Mungu kwa sauti kubwa. Mimi nililia, na mume wangu akadhani ni furaha.

Tulimkuta amekaa kitandani, nywele zimefungwa vizuri, mtoto kifuani. Mkwe alikuwa amesinzia kwenye kiti na viatu vya kazi miguuni. Alifika mtoto ameshaoshwa. Mume wangu alimbeba mjukuu akaanza kumwombea, akaenda naye dirishani. Nikakaa kando ya binti yangu.

"Nani alikuleta hospitali?" nikamuuliza.

"Nilijileta."

"Kwa gari? Na uchungu?"

"Ukikuja uchungu nasimama pembeni. Ukipita naendesha." Alisema kama mtu anayeelekeza njia.

Akaniuliza kulikuwa na nini. Nikamweleza yote, kwa sababu sikuwa na uongo wa kutosha. Nikamweleza ruhusa, na saa kumi, na kwamba ng'ombe hakamuliwi mchana. Yeye alikulia kambini, halafu Black Rock. Ng'ombe wa kwetu hakuwahi kumwona, anawajua kwa nyimbo za harusi tu. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, anakunjakunja shuka. Kisha alihamia Kiingereza, kama anavyofanya akitaka kuwa mwangalifu.

"Yeye alikuomba ubaki," akasema. "Mimi nilikuomba uje."

"Ndiyo, mwanangu."

"Yeye alikupa ng'ombe." Akanitazama, hakuwa na hasira hata kidogo, alikuwa anauliza kweli. "Mimi nilitakiwa nikupe nini, mama?"

Nilikuwa bado nimevaa koti. Mtoto alilia kule dirishani, mume wangu akamletea binti yetu, naye akajifunua na kumnyonyesha. Nilinyoosha mkono nimwonyeshe namna ya kushika kichwa. Alikuwa ameshakishika.